Tusome kwa Sikio la Kariakoo

Ndugu wananchi, nani kati yetu amepita Mtaa wa Congo, Kariakoo, asiwahi kusikia kipaza sauti kikirudia: "Bei ya kumaliza mzigo, mwisho leo!"? Ukipita tena wiki ijayo, mwisho bado ni leo.

Hatukasiriki. Muuzaji anatafuta riziki, nasi tunajua "mwisho leo" imewekwa pale ili tusipate muda wa kufikiri. Winga, yule dalali anayewaitia wenye maduka wateja, akikuita "bosi wangu" na kukuhakikishia kwamba wenzako wote wamechukua rangi hii, unatabasamu, unakishika kitambaa, kisha unakwenda kuuliza bei duka la pili. Hiyo ni elimu, ingawa hakuna aliyetupa cheti chake.

Mbona basi maneno yaleyale yakija yameandikwa, kwenye makala, kipeperushi au kundi la WhatsApp la ukoo, tunayapokea bila hata kuyageuza upande wa pili? Nadhani ni heshima yetu ya siku nyingi kwa maandishi. Ni heshima njema, tusiitupe. Tuiongezee sikio tu.

Mnaikumbuka DECI, ule mpango wa upatu? Watu waliitwa "kupanda" fedha ili "wavune" zaidi. Neno hilo moja, "kupanda", lilifanya kazi kubwa. Aliyepanda mbegu hadai maelezo, anasubiri mvua. Tena waliokuwa mbele ni wachungaji, watu tuliozoea kuwaamini. Mwaka 2009 Serikali iliisimamisha shughuli hiyo, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani viongozi wake.

Waliopanda hawakuwa wajinga. Walikuwa na ada za watoto na kodi za vyumba, na mfano wa shamba ukawagusa hapohapo penye shida. Lakini je, tungeuondoa mfano huo na kusema wazi, "nipe fedha yako, nitakurudishia nyingi zaidi", tusingeuliza zinatoka wapi? Mahindi yanaota shambani. Shilingi inaota wapi?

Hata hivyo, kushawishi si kosa. Erica Fiah alipoanzisha gazeti hapa Dar es Salaam mwaka 1937, aliliita Kwetu. Jina lenyewe linamkaribisha msomaji ndani, kama mwenye nyumba. Mwandishi mwema naye hutumia "sisi", huuliza maswali, hugusa moyo. Hata mimi hapa nimewaita ndugu. Lipokeeni neno hilo, kisha mniulize: sababu zako ziko wapi?

Baba, mama, leo baada ya chakula chukueni makala moja mkae na watoto. Kila sentensi muiulize: hii inanipa sababu, au inanitia hofu? "Wataalamu wanasema", ni wataalamu gani? "Kila mtu anajua", nani alihesabu? Watoto watalipenda zoezi hili kuliko mnavyodhani.

Na dukani, kikija kipeperushi cha mkopo, msomeeni jirani wa fremu ya pili kabla hamjatia saini. Kwenye kikoba, katibu asome lile pendekezo tamu mara mbili, polepole, wanachama wakiuliza.

Ujumbe ukikuambia "sambaza haraka kabla haujafutwa", ndugu yangu, weka simu mezani kidogo. Msomee kwanza mtu aliye karibu nawe, kwa sauti, kama kile kipaza sauti cha Mtaa wa Congo.