Mashairi Yasomwapo Lamu: Sauti na Maana

Uingiapo mwezi wa Mfungo Sita, mji wa Lamu hujaa wageni. Hutoka Mombasa na Malindi, hutoka Unguja na Ngazija, na nyumba ya mtu mmoja hulaza watu wa nyumba tatu. Habari za Maulidi ya Msikiti wa Riyadha, na za Habib Saleh aliyeyasimamisha, wasomaji wetu wengi wazijua, wala hatukusudii kuzirudia. Tulilolikusudia leo ni jambo liendalo ubavuni mwa Maulidi, na mwa arusi, na mwa lile Tamasha la Utamaduni lililoanzishwa mwanzoni mwa karne hii: nalo ni kusomwa kwa tenzi na mashairi mbele ya watu.

Asiyepata kuhudhuria huenda akadhani kwamba mtu husimama na karatasi yake akasoma kama asomavyo barua. Sivyo. Utendi una sauti yake, Hamziya ina yake, na shairi la mizani kumi na sita lina yake. Msomaji akizichanganya, wazee walioketi barazani humkata jicho. Wasikilizaji hunyamaza mpaka mwisho wa ubeti, kisha hupumua pamoja. Ni kweli kwamba mbio za punda hukusanya watu wengi kuliko malenga, nasi hatuwaonei punda kijicho, maana nao ni wenyeji wa Lamu. Lakini mbio zikiisha zimekwisha, na utendi humfuata mtu mpaka nyumbani.

Kusomwa huko kwa sauti si pambo tu. Wazee wetu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na herufi hizo, kama zilivyotumiwa zamani, hazikukitosheleza Kiswahili. Kasra moja yaweza kuwa i, yaweza kuwa e. Dhumma yaweza kuwa u au o. Na ba peke yake yaweza kusomwa b, au p, au mb. Mwandishi hakutaabika kwa hayo, kwani alijua ya kuwa atakayeisoma karatasi yake amekwisha kuyasikia maneno yale kwa mtu. Karatasi ilikuwa ukumbusho wa sauti. Basi nyumba iliyobaki na karatasi za babu sandukuni, hali mzee aliyezisikia zikisomwa amekwisha kufariki, imebaki na kufuli pasipo ufunguo.

Hata umbo la utendi lenyewe latwambia kwamba ulifanyiziwa masikio. Ubeti wake una vipande vinne vifupi vya mizani minane. Vitatu vya kwanza hufuatana kwa kina kimoja, na cha nne hurudi kwenye kina kile kile kinachotembea na utendi wote, tangu ubeti wa kwanza hata wa mwisho. Asikilizaye hukingoja kina kile kama mtu angojavyo wimbi, naye msomaji akisahau neno, kina humvuta mpaka alikumbuke. Ndiyo sababu watu wasiojua kusoma waliweza kuhifadhi beti mia na zaidi, na wanawake wa Lamu khasa walisifika kwa jambo hilo.

Hapa yafaa tumtaje Sheikh Ahmed Nabhany, aliyezaliwa mwaka wa 1927 na kufariki mwaka wa 2017. Wataalamu wa vyuo vikuu vya Ulaya na vya kwetu walimwendea kumwuliza maana ya maneno ya kale, naye mwenyewe akatunga Sambo ya Kiwandeo, utungo wa habari za jahazi ya Lamu, uliochapishwa mwaka wa 1979. Ilimu hiyo ya ushairi aliianzia kwa bibi yake, Amina Abubakar Sheikh, aliyekuwa malenga. Ilianza nyumbani, kwa bibi na mjukuu. Naye Muhamadi Kijuma, aliyefariki mwaka wa 1945, alikuwa mwandishi wa hati nzuri, mchongaji na mwimbaji pia. Nakala nyingi za tenzi alizoziandika kwa mkono wake zimehifadhiwa London na Ujerumani. Twamshukuru kwa kuziandika. Lakini mtoto wa Lamu atakaye kuujua utendi wa nyanya yake hawezi kuabiri mpaka London kila ajapo na swali.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya waliokufa. Ustadh Mahmoud Mau, imamu na malenga wa Lamu aliyezaliwa mwaka wa 1952, alitunga Wasiya wa Mabanati, utungo wa kuwahadharisha wasichana na hila za wanaume wadanganyifu. Utungo huo haukungojea kitabu. Ulisomwa kwa sauti, ukatiwa katika kaseti, ukaenda nyumba kwa nyumba, ukasikilizwa na mama pamoja na binti zake. Kitabu kikubwa cha tungo zake, pamoja na tafsiri ya Kiingereza, kilichapishwa Leiden mwaka wa 2023, baada ya miaka mingi ya kusikika. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 watu wa Lamu walishindana kwa mashairi juu ya uchaguzi wa mbunge, na mashairi hayo ya Kimwondo nayo yalizunguka kwa kaseti. Kaseti leo zimekwisha, na sauti zatumwa kwa simu. Njia imebadilika, masikio ni yale yale.

Sasa twafikia jambo linalotukera. Katika mikutano ya siku hizi sauti husifiwa sana na maana huachwa mlangoni. Kijana husoma kwa sauti tamu, watu hutikisa vichwa, wengine huinua simu zao kumpiga picha, na ukimwuliza aliyeketi karibu nawe ubeti ule umesema nini, hutabasamu tu. Hatumlaumu. Lugha ya tenzi ni Kiamu, tena Kiamu cha zamani. Mtoto aliyesoma skuli Mombasa au Nairobi akisikia mtu aitwa "ndoo", hudhani yatajwa ndoo ya maji, kumbe mtu aambiwa aje. "Mato" ni macho, "ndia" ni njia, na "muyi" ni mji. Hayo ni maneno mepesi. Ama Hamziya, kasida ya Imam al-Busiri iliyotiliwa maneno ya Kiswahili na Sayyid Aidarus wa Pate, maneno yake ni magumu hata kwa watu wazima wa Lamu yenyewe. Isomwapo pasipo mwenye kuifasiri, wengi hupata baraka ya kuhudhuria na hawapati habari.

Kuna watu wasemao kwamba haidhuru, maana uzuri wa shairi ni katika sauti yake. Sisi hatukubaliani nao, na hoja yetu ni utendi wa Mwana Kupona. Mama yule alikuwa mgonjwa alipoutunga mwaka wa 1858, na katika utendi wenyewe amwita binti yake asogee karibu naye na wino na karatasi, ili amwusie. Hakumwita aje kusikiliza sauti. Alikuwa na mambo ya kumwambia: ya dini yake, ya adabu mbele za watu, ya mume na nyumba. Mengine kati ya hayo msichana wa leo atayapokea mara moja, na mengine atayaulizia. Atauliza kama utii ule alioelezwa Mwana Hashima ndio utakiwao kwake yeye aliyesoma na mwenye kazi; naye ana haki ya kuuliza, na mama yake ana haki ya kumjibu kwa ilimu na upole. Mazungumzo hayo ndiyo urithi tulioachiwa. Utendi ukiimbwa ukapita kama wimbo wa arusi, binti hatauliza na mama hatajibu, na watu watarudi makwao wakisema sauti ilikuwa nzuri.

Kwa hiyo twapenda wasimamizi wa mashindano wafikiri haya. Wakusomao hupimwa sauti, pumzi na matamshi. Watungao hupimwa vina na mizani. Iongezwe sehemu moja zaidi: msomaji akisha kusoma, aketi na aeleze beti tatu atakazochaguliwa na waamuzi, kwa maneno ambayo mtoto wa miaka kumi atayafahamu. Ashindwaye kueleza asipewe zawadi ya kwanza, hata akiwa na sauti ya kinanda. Jambo hilo halihitaji fedha wala jengo.

Na nyumbani je? Nyumbani ni rahisi kuliko uwanjani. Yatosha usiku mmoja katika juma, baada ya Isha, beti kumi na zisizidi, maana watoto wakichoka huuchukia utendi pamoja na aliyeusoma. Mmoja asome, mzee aeleze, na mtoto mkubwa aandike maneno magumu katika daftari pamoja na maana zake. Simu iliyoko mkononi ifanye kazi ya kuinasa sauti ya mzee akisoma na akieleza. Mwanzoni ataje jina lake, mahali na tarehe, kwa kuwa sauti isiyo na jina hupotea haraka kuliko karatasi. Sauti hiyo itiwe mahali pawili, isikae katika simu moja, kwani simu huanguka baharini.

Watakaotaka kujua waanze na upi, sisi twawashauri waanze na huo wa Mwana Kupona, ambao kina mama wengi wangali na beti zake. Kisha waende kwenye Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, iliyochapwa London mwaka wa 1939, pamoja na maelezo, kwa juhudi ya William Hichens; humo wataona majumba ya Pate yalivyokuwa na yalivyobomoka, na ambaye hajapata kufika Pate aweza kumwuliza nahodha yeyote wa Lamu. Hamziya waiweke mpaka wampate mzee wa kuifasiri, na wamtafute mwaka huu.