Chura huotesha sikio upya, wewe je?

Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Kelele za mjini nazo, msomaji, zaweza kukuzuia kusikia mazungumzo ya mezani pako, na chura huyo huyo tunayemdharau ndiye aliyewasaidia wataalamu kueleza kwa nini.

Kuanzia miaka ya 1970, mtaalamu wa Marekani James Hudspeth na wenzake walichunguza sikio la ndani la chura mkubwa wa Marekani Kaskazini. Mna kifuko kidogo kinachohisi mtikisiko wa ardhi, na ndani yake mna chembechembe hai, yaani seli, zilizoota vinywele. Mtikisiko ukivipinda vinywele hivyo, vijilango hufunguka, potasiamu ikaingia, kisha kalisiamu. Hapo seli humwaga kemikali iitwayo glutamati. Kemikali hii huvuka upenyo mwembamba mno na kuuamsha mshipa wa fahamu, nao hupeleka habari kwenye ubongo.

Sikio lako hufanya kazi kwa njia iyo hiyo. Seli na mshipa havijaungana. Hupeana habari kwa kemikali, mithili ya majirani wanaopeana chumvi juu ya ua.

Sasa panda matatu ambayo spika zake ziko chini ya kiti chako. Seli zinamwaga glutamati kupita kiasi, na ncha za mshipa hufura na hata kuharibika. Jioni unasikia mlio masikioni. Asubuhi mlio umetoweka, nawe unasema umepona.

Hapo ndipo tunapodanganyika. Mwaka 2009, Sharon Kujawa na Charles Liberman wa Boston walichapisha uchunguzi wao juu ya panya waliosikilizishwa kelele ya desibeli 100 kwa saa 2. Baada ya muda, vipimo vya kusikia vilirudi kuwa vya kawaida, na seli zenye vinywele zilikuwa zingalipo. Hata hivyo, katika sehemu iliyoathirika zaidi, karibu nusu ya maungio baina ya seli na mishipa yalikuwa yamepotea. Naam, hao ni panya. Lakini wataalamu wanashuku kwamba hasara kama hiyo ndiyo huwafanya baadhi ya watu wapite vipimo vya hospitali, kisha washindwe kufuata mazungumzo penye watu wengi.

Chura ana bahati. Akipoteza seli hizo, hata kwa dawa kama gentamicin, seli jirani huzaa nyingine. Ndege nao wana uwezo huo, kama ilivyobainika mwaka 1988. Binadamu huzaliwa na takriban seli 15,000 za kusikilizia katika kila sikio, na zikifa hazioti tena. Kifaa cha kusikilizia hukuza sauti tu, hakirudishi kilichokufa.

Kwa sababu hiyo, ninasema waziwazi: kelele mjini si suala la adabu tu, ni suala la afya, na lishughulikiwe kama tunavyoshughulikia maji machafu. Sheria haikosekani. Kanuni za mwaka 2005 zinakataza mfanyakazi kukaa katika kelele ya zaidi ya desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku. Kanuni nyingine za mwaka 2009 zinakataza kelele za kupita kiasi hadharani. Linalokosekana ni wa kuzitekeleza, na raia wa kuzidai.

Wenye matatu watajitetea kwamba bila muziki abiria hawapandi. Muziki hauna ubaya. Ubaya uko katika kiwango chake. Tena wanaoumia zaidi si abiria wa nusu saa, bali dereva na makanga wanaoshinda humo tangu alfajiri hadi usiku. Ndivyo ilivyo pia kwa fundi wa Kamukunji anayegonga mabati kutwa nzima bila kitu masikioni. Tajiri anayemnunulia mfanyakazi wake buti na kumnyima vizibo vya masikio amemlinda nusu.

Wewe nawe, msomaji, usingoje askari. Kipimo ni rahisi: iwapo ni lazima upaaze sauti ndipo akusikie mtu aliye umbali wa mkono, kelele hiyo imezidi. Mwambie makanga apunguze sauti. Abiria watatu wakisema pamoja, si rahisi awapuuze. Kaa mbali na spika kanisani, harusini na kwenye disko. Pamba haikingi, tumia vizibo vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Wazazi, wafundisheni vijana kupunguza sauti ya simu wanapovaa vidude vya masikioni. Mlio masikioni ukidumu zaidi ya siku moja au mbili, au usikivu ukipungua ghafla, mwone daktari mara moja.

Sikio la kufa, twaambiwa, halisikii dawa. Haya ya kwetu bado yanasikia. Tuyalinde yangali hai, kwa maana hatukujaliwa ya akiba.