Nenda Nyumbani Mikono Mitupu

Kila mwaka ikifika wiki ya pili ya Desemba, kuna maneno yanayosikika Dar es Salaam kuliko wimbo wowote wa Krismasi: "Mwaka huu siendi nyumbani, mambo hayajakaa sawa." Anayesema hivyo si mgonjwa, wala hana zamu kazini. Nauli anayo. Alichokosa ni mchele wa kilo 25, katoni ya juisi, kitenge cha mama, shati la baba, nguo za watoto wa kaka na bahasha za kugawa. Hana hivyo, basi haendi. Ukimbana atakujibu kwa methali ambayo kwetu hufunga mjadala: mkono mtupu haulambwi.

Methali hiyo ina mahali pake. Inamwonya mtu anayetaka kupokea siku zote bila kutoa chochote. Sisi tumeigeuza kuwa kiingilio cha mlango wa mama zetu. Nasema ni makosa, tena makosa yanayoumiza, kwa sababu yanawazuia watoto kwenda kwa wazazi wao kwa kukosa vitu ambavyo wazazi wenyewe hawakuviomba.

Niliitii sheria hiyo kwa Desemba tatu mfululizo. Ya kwanza kazi ilikuwa imekatika. Ya pili nilikuwa nalipa deni la ile ya kwanza. Ya tatu hata sababu siikumbuki. Nadhani aibu ilikuwa imeshakaa ndani kiasi cha kutohitaji sababu tena. Mama alipiga simu kila mwaka, na kila mwaka nilimjibu neno lile lile: "Ngoja nijipange, mama." Kujipanga. Sijui neno jingine la Kiswahili cha leo ambalo limeua safari nyingi kama hili.

Mwaka wa nne nilikwenda. Nilikuwa na nauli ya basi, binti yangu wa miaka saba, na kilo mbili za sukari. Kutoka stendi ya Mbezi hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 500, na njia nzima nilikuwa natunga maelezo ya kumpa mama. Sikupata nafasi ya kuyatoa. Tulipofika Kibosho alinipokea mfuko, akauweka mezani bila kuuchungulia, akasema, "Baba yako yuko kwa jirani, utamwamkia akirudi. Vua viatu hivyo. Ulezi uko kwenye gunia, nenda kaugeuze, mimi mgongo umekataa."

Ulezi ule ulikuwa wa mbege. Msomaji asiyetoka Uchaggani huenda anaijua pombe hiyo kama kinywaji cha kwenye kata tu. Hajui kwamba ni kazi ya karibu wiki mbili. Ndizi hukatwa mbichi zikaachwa ziive. Zikishaiva huchemshwa kwa saa nyingi mpaka zibadilike rangi, zikaachwa siku kadhaa, ndipo zikachujwa. Huku ulezi nao unalowekwa, unafunikwa uote, kimea kinaanikwa, kinasagwa, kinapikwa uji. Mwishoni vyote viwili hukutanishwa, na wapo wanaotia gome la msesewa ili uchungu ukolee. Katika hatua zote hizo, ndizi zikiwa za kihambani, yaani shambani kwenu nyumbani, sioni hata moja inayomsubiri mtu mwenye pesa. Zote zinamsubiri mtu aliyepo: wa kuchochea kuni, wa kubeba maji, wa kufukuza kuku kwenye kimea kilichoanikwa, wa kushika upande wa pili wakati wa kuchuja.

Nilikuwa nimeshika upande huo wa pili pale mama aliponiambia kwamba jicho la kushoto la baba halioni tena. Lilianza kufifia miaka miwili nyuma. Tulikuwa tumezungumza kwa simu pengine mara mia moja katika miaka hiyo miwili, na hakulitaja. Nimelifikiria sana jambo hili tangu siku ile. Habari nzito kama hiyo mzazi hamwambii mtu anayejipanga, kwa sababu anajua atamwongezea mzigo wa kujipanga. Huisema mkiwa mmeinama pamoja juu ya kitu kingine, macho yakiwa kwenye kazi, mikono ikiwa imelowa, ambapo si lazima mtu amtazame mwenziwe usoni. Ningekwenda na mchele wa kilo 25 ningekaribishwa sebuleni kama mgeni. Pale sebuleni nisingeambiwa.

Baba naye aliporudi alimkuta mjukuu wake hana la kufanya. Jioni hiyo hiyo walianza gari la waya. Waya ulitoka kwenye uzio wa zamani wa mbuzi, magurudumu yakakatwa kwenye kandambili kuukuu kwa kisu cha kupogolea kahawa. Binti alishika kandambili, babu akakata kwa jicho lake moja, na kila baada ya muda akamuuliza, "Hapa ni mviringo au nimepinda?" Alikuwa amepinda. Lile gari lilitembea likichechemea hadi Januari, na mtoto alijifunza kukunja waya bila kuuvunja, jambo ambalo mimi mwenyewe nilifundishwa na mzee huyo huyo nikalisahau.

Sidai kwamba gari la waya ni zuri kuliko la dukani. La dukani linakimbia vizuri zaidi, lina taa, na mtoto atalifurahia. Tatizo langu ni kwamba la dukani halimhitaji babu. Na mzee ambaye sikukuu nzima hahitajiki kwa lolote isipokuwa kushukuru kwa zawadi, tumemfanyia nini hasa?

Kesho yake watoto wa boma zima walitengeneza pango la Krismasi. Walisokota majani makavu ya migomba, wakatafuta kuvu za kwenye mawe, wakafinyanga ng'ombe na kondoo kwa udongo, wakakata nyota kwenye mfuko wa saruji. Kuna jirani aliyelionea huruma pango lile, akasema mwakani atawaletea seti ya plastiki kutoka mjini. Nilimwomba asilete. Fransisko wa Assisi alipotaka watu wa Greccio kule Italia waione Betlehemu kwa macho yao, Krismasi ya mwaka 1223, aliandaa nyasi kavu, ng'ombe na punda. Desturi yote ya mapango ya Krismasi inamkumbuka yeye na vitu alivyovikuta pale pale kijijini.

Sasa nizungumze na wale wanaonijibu kwamba wazee hawali mapango ya udongo. Ni kweli. Wazee wanahitaji dawa, bati, mbolea, nauli ya hospitali. Lakini shida hizo hazingoji tarehe 24 Desemba. Zipo Machi, zipo Agosti, na njia ya kuzitatua tunayo mfukoni. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na ikaingia Tanzania mwaka uliofuata. Tangu hapo pesa imeota miguu yake. Unaweza kuituma kutoka Mbagala ikafika Kibosho kabla hujamaliza kuvuka barabara. Zamani ilikuwa na mantiki kumngoja mtu alete, kwa kuwa fedha na mletaji vilisafiri katika basi moja. Leo kila kitu tunachokibeba kwenda nacho kinaweza kutangulia au kufuata, ila mtu tu. Mtu hatumwi kwa simu. Nasi, kwa akili ya ajabu, tunamzuia yeye abaki mjini kwa sababu fedha haijapatikana.

Na wengine hawabaki. Wanakwenda, lakini kwa mkopo. Wanaingia kwenye mikopo ya kausha damu katikati ya Desemba ili wafike na gari la kukodi na kreti za bia, wanashangiliwa siku nne, kisha wanarudi mjini kuikabili Januari ya ada na kodi ya nyumba wakiwa hawana hata nauli ya daladala. Wakenya, ambao nao huhama Nairobi kwa maelfu kwenda ushago, wameupa mwezi huo jina la Njaanuari. Mtu aliyeshinda njaa Januari kwa ajili ya sifa za Desemba atakuwa wa kwanza kusema mwakani kwamba mambo hayajakaa sawa.

Lawama si ya waendao peke yao. Sisi tunaowapokea nyumbani, na wazee wenyewe, tunaitunza imani hii. Gari likikata kona tunahesabu mizigo kabla ya watu. Watoto tumewafundisha kusema "Umetuletea nini?" hata kabla ya "Shikamoo". Shangazi mmoja akitoa kitenge, tunamlinganisha na yule aliyekuja bila kitu, tena kwa sauti, tena mbele yake. Tunayo methali nyingine nzuri, mgeni njoo mwenyeji apone, na haikutaja mzigo popote. Mbona hiyo hatuisemi mlangoni?

Kuna jambo moja ambalo watetezi wa sikukuu za kujitengenezea huwa wanalikwepa, nami sitalikwepa. Kazi za mikono nyumbani kwetu maana yake, mara nyingi mno, ni mikono ya wanawake. Mabinti na wakwe wanaamka saa kumi usiku kumenya ndizi za mtori, wanaosha sufuria hadi saa nne usiku, na wanaume tumekaa chini ya mti tukisubiri kuitwa. Tukishachinja na kuchoma nyama tunadhani zamu yetu imekwisha. Mwanamke aliyewahi kuishi Krismasi ya namna hiyo ana haki ya kupenda keki ya kununua na soda za kreti, kwa kuwa angalau hizo hazimvunji mgongo. Kwa hiyo ninapomwambia mtu aende na mikono yake, namwambia kwanza mwanamume. Menya ndizi. Beba maji. Simama mbele ya karai la vyombo mwanao wa kiume akuone.

Huko pwani Idi inafundisha jambo hili hili. Katika nyumba nyingi visheti bado vinasukumwa na kukunjwa usiku wa kuamkia sikukuu, kina mama, mabinti na majirani wakizunguka kibao kimoja, na kesho yake sahani zinavuka kutoka nyumba hadi nyumba. Sahani hurudi na kitu cha upande wa pili. Hakuna anayeuliza bei yake.

Na sisi wa mlimani tunacho kitu chenye uzito kuliko bahasha yoyote. Anayetaka kuomba radhi Uchaggani hachukui zawadi ya dukani. Huchukua jani la isale, ambalo limeota mpakani mwa kihamba bila gharama, akaenda nalo, na aliyepelekewa isale anajua kilichomleta mwenziwe. Wazee wetu waliweka upatanisho, jambo gumu kuliko yote katika ukoo, mahali ambapo maskini na tajiri wanaufikia sawasawa. Wewe uliyekaa miaka mitano bila kwenda na unaona aibu, isale ipo pale mpakani. Haijahama.

Ipo pia kazi nyingine ya Desemba ambayo sitaki kuizungumza kwa urefu. Kabla ya Krismasi tunapalilia makaburi kihambani, tunayapaka chokaa na kuweka maua. Kila mwaka, katika kila ukoo, yupo anayepalilia kaburi la mtu aliyekuwa akijipanga kwenda kumwona.

Nina binamu anayeendesha bodaboda Dar es Salaam. Mara ya mwisho kufika kwao ilikuwa Desemba 2019, mwaka ule treni ya abiria iliporudi katika reli ya Moshi. Juzi nilimpigia, akaniuliza swali ambalo nilijua ataliuliza: "Sasa niende na nini?" Nilimweleza kwamba mama yake ameshakata ndizi, mikungu sita, na zinaivia kwenye kibanda cha nyuma. Zitachemshwa tarehe 20. Mtu wa kupasua kuni bado hajapatikana.