Tupeni Nukta Zetu

Kuna ugomvi ambao sisi washairi wa pwani tumechelewa kuuanzisha, nao ni ugomvi wa nukta. Maktaba na makumbusho ya ng'ambo, na siku hizi baadhi ya taasisi zetu wenyewe, yanajisifu kwamba yameyaweka maandishi yetu ya kale katika intaneti, hadharani, kila mwenye macho ayatazame. Kutazama tunatazama. Kusoma ndiko kunakotushinda.

Tendi na mashairi ya wahenga wetu yaliandikwa kwa hati za Kiarabu, na katika hati hizo herufi kadhaa hushirikiana umbo moja, zikitenganishwa na nukta peke yake. Mwanzoni mwa neno, be, te, nun na ye zote ni jino moja dogo. Weka nukta moja juu, umeandika "nia". Weka mbili, umeandika "tia". Nukta moja ikiwa chini, hilo ni "bia" (ile ya ushirika, si ya chupa), au pengine mwandishi alikusudia "pia", kwani wengi wa zamani waliiandika pe kwa umbo la be. Kadhia ya be na pe aghalabu msomaji mzoefu huimaliza kwa maana ya ubeti. Lakini "nia" na "tia"? Mizani ni ile ile, kina ni kile kile, na mara nyingi maana zote mbili zinakubalika. Hapo arudhi yote uliyosoma haikufai kitu. Shahidi aliyebaki ni nukta, na nukta haionekani.

Haionekani kwa sababu ya hesabu nyepesi kabisa. Ukurasa wenye upana wa sentimita 15 ukionyeshwa katika picha yenye upana wa pikseli 600, kila milimita hupata pikseli 4. Nukta ya kalamu ya mwanzi yenye upana wa nusu milimita hupata 2. Kisha picha hubanwa ili iwe nyepesi, na zile mbili zikachanganyika na doa la unyevu na tundu la mdudu. Ukurasa huo huo ukipigwa kwa pikseli 400 kwa kila inchi, milimita moja hupata karibu 16 na nukta hupata 8, na msomaji anaweza kusimama mbele ya kadhi akaapa kuwa nukta ni mbili. Kamera za kazi hiyo zimekuwapo kwa miaka mingi. Basi tusiambiwe kuwa ni taabu ya ufundi. Aghalabu picha kubwa ipo, imefungiwa kabatini, na tunayoonyeshwa ni kivuli chake.

Wala si nukta tu. Wanakili wetu hawakuwa makarani wa wino mmoja. Muhamadi Kijuma wa Lamu, ambaye nakala zake zimo katika maktaba za London na Ujerumani, alikuwa fundi wa khati na wa nakshi pia. Ukurasa wa fundi kama huyo ukionyeshwa kwa rangi ya kijivu, au kwa umanjano wa taa mbovu, hujui tena lipi liliandikwa kwa wino wa kwanza na lipi liliongezwa na mkono wa baadaye.

Atakayesema kuwa haya ni mambo ya wataalamu, na amkumbuke Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840. Beti zake zimetufikia kwa kuwa Mwalimu Sikujua alizikusanya na kuzinakili, W. E. Taylor akazihifadhi, na William Hichens akazichapisha mwaka 1940. Kila mmoja katika mnyororo huo alilazimika kuamua neno. Leo mshairi wa Kisiwandani au wa Pate akitaka kuhoji uamuzi wa mhariri, sharti arudi kwenye hati, na karatasi za Taylor ziko SOAS, London. Kwa mtafiti wa huko picha ni kionjo tu, maana hati yenyewe i karibu naye. Kwetu sisi tusio na nauli wala viza, picha ndiyo hati.

Tena hata ile iliyo safi hatuachiwi kuitumia. Maktaba moja ya Ulaya ilinitaka nilipe ada kwa kila ukurasa ili niuchapishe katika kitabu cha tafsiri ambacho faida yake yote isingefikia ada hiyo. Picha niliyopewa bure ilikuwa na jina la maktaba limepigwa katikati, juu ya kipande cha tatu cha ubeti. Mwandishi wa utenzi hakupata senti; mpiga picha wa ukurasa anadai haki. Ajabu ya mali hiyo!

Wanasema wanachelea picha zisichezewe. Na wawaulize Rijksmuseum wa Amsterdam. Mchoro wa Vermeer wa mtumishi anayemimina maziwa ulikuwa umezagaa mtandaoni katika nakala zaidi ya 10,000, nyingi zikiwa mbovu za kimanjano, hata wageni wakadhani postikadi za dukani mwa makumbusho, zenye rangi sahihi, ndizo za uongo. Dawa haikuwa kufunga mlango. Walitoa picha safi ya ukubwa wa kutosha, na mwaka 2012 wakafungua picha za kazi 125,000 kwa umma. Nakala mbaya haifukuzwi na marufuku, hufukuzwa na nakala nzuri.

Ipo hoja moja ninayoiheshimu. Zimo nyumba zenye vyuo vya tiba, vya hirizi na vya nasaba ambavyo wenyewe hawataki vitoke, na neno lao ndilo la mwisho. Lakini mwenye chuo akikataa analinda amana yake. Maktaba ya ng'ambo ikikataa inalinda nini?

Na sisi nasi tuache kupiga kurasa za mababu kwa simu, taa ikimulika, kidole kikiwa pembeni, kisha tukazituma kwa WhatsApp, inayozipunguza picha njiani. Zitumwe kama faili. Zipigwe kwa mwanga wa baraza, ukurasa mzima, na majina ya mwandishi, mnakili na mahali yafuatane nazo.

Oktoba 2023 British Library ilishambuliwa na wahalifu wa kompyuta, na kwa miezi mingi hati zake nyingi za dijitali hazikufikiwa. Programu yake ya hifadhi zilizo hatarini, iliyoanza 2004 na ambayo imepiga picha hata hati za Msikiti wa Riyadha, Lamu, ina sharti jema: asili haitoki nchini, na nakala huachwa huko huko. Sharti hilo liwe la wote, na nakala itakayoachwa iwe ile kubwa, pamoja na ruhusa ya maandishi ya kuichapisha, kuifundishia na kuitafsiri bila ada. Na mtakapotuma tena mpiga picha visiwani, mwambieni aje na rula na kadi ya rangi.