Juno Ilianzia Redioni

Muulize mwanafunzi yeyote hapa chuoni akutajie tuzo za muziki za nje. Atakutajia Grammy, ataongeza BET, na kama ni mtu wa kufuatilia atakumbuka na zile za MTV. Juno hatakutajia. Juzi nilipozitaja hosteli, mwenzangu mmoja aliuliza kama ni tuzo za filamu. Lakini wasanii waliozibeba anawajua wote na nyimbo zao anaziimba bafuni: Celine Dion, Shania Twain, Bryan Adams, Justin Bieber, The Weeknd, Drake. Hao wote ni Wakanada, na Juno ndiyo tuzo ya taifa ya muziki ya Kanada.

Naandika habari za Juno leo kwa sababu serikali yetu ya wanafunzi inapanga usiku wa tuzo za wasanii wa chuo. Wazo zuri, sina ugomvi nalo. Tatizo ni kwamba kila ninayemsikia akilizungumzia anaongelea ukumbi, zulia jekundu, MC gani aitwe na nani atavaa nini. Sijasikia mtu akiuliza hizo nyimbo zitakazoshindanishwa zinasikika wapi. Wakanada waliuliza swali hilo mapema kabisa, na ninaamini ndiyo maana tuzo zao zipo mpaka leo.

Turudi nyuma kidogo. Miaka ya 1960 ukifungua redio Toronto au Vancouver ulisikia Marekani na Uingereza. Si kwamba Wakanada walikuwa hawaimbi. Nchi imelala ubavuni mwa Marekani, lugha ni ile ile, na wapanga vipindi wa redio walikuwa wanaangalia kinachovuma ng'ambo ya mpaka, halafu wanapiga hicho hicho. Msanii wa nyumbani akipeleka sahani yake studio anaambiwa subiri, kwanza uvume Marekani ndipo urudi. Basi wakaondoka. Joni Mitchell alihamia Marekani mwaka 1965. Neil Young alifunga safari ya Los Angeles mwaka 1966 akiendesha gari la kubebea maiti (kweli kabisa, gari la mazishi, ndilo alilokuwa nalo). Wote wawili wakawa wakubwa wa dunia, na jamaa wa redio huko nyumbani wakaanza kuwapiga kama vile hawakuwahi kuwafungia mlango.

Februari 1964 bwana mmoja aitwaye Walt Grealis, aliyewahi kuwa askari polisi, alianzisha gazeti la biashara ya muziki lililoitwa RPM. Wasomaji wake walikuwa watu wa redio na wa kampuni za sahani. Yeye na rafiki yake Stan Klees, ambaye alikuwa prodyuza, wakatumia kurasa za gazeti hilo kusukuma jambo moja: muziki wa Kanada upigwe Kanada. Mwaka huo huo wakaanza kuwapigisha kura wasomaji kuchagua wasanii bora. Sherehe yenyewe ya kukutana ukumbini ilikuja baadaye, tarehe 23 Februari 1970, St. Lawrence Hall pale Toronto. Kombe alilolibuni Klees lilikuwa la mti, lenye umbo la kile kifaa cha kuhesabia mapigo ambacho mwalimu wa piano huweka juu ya kinanda.

Sasa angalia jina. Mwaka 1971 tuzo zikaitwa Juno. Wapo wanaodhani ni yule mungu wa kike wa Warumi, na kwa kweli jina limenogeshwa na hilo, lakini asili yake ni Pierre Juneau, mwenyekiti wa kwanza wa CRTC, chombo cha serikali kinachosimamia utangazaji. Juneau hakuimba wala hakupiga gitaa. Alichofanya ni kusimamia kanuni iliyoanza kutumika Januari 1971, kwamba redio ziwe na angalau asilimia 30 ya muziki wa Kanada. Wenye redio walipiga kelele sana. Wanamuziki wao wakachukua jina lake wakalibandika kwenye kombe lao.

Nalipenda jambo hili kuliko yote katika habari hii nzima. Fikiria tuzo ya muziki yenye jina la mdhibiti! Tuzo zetu za muziki hapa Tanzania kwa miaka mingi zilibeba jina la bia. Baada ya mwaka 2015 zikalala, mpaka BASATA ilipozirudisha mwaka 2022. Simlaumu mdhamini, alitoa hela yake na kuna usiku tuliufurahia. Lakini jina la tuzo linakuambia tuzo imeegemea nini. Ya Kanada iliegemea sheria.

Wimbo wa Kanada ni upi, lakini? Hapa ndipo mimi mtu wa elimu ninapochangamka, maana walitengeneza kitu kinachofanana kabisa na mwongozo wetu wa kusahihishia mitihani. Klees ndiye aliyeupanga. Maswali manne: nani katunga muziki, nani anauimba au kuupiga, umerekodiwa au kupigwa wapi, na nani kaandika mashairi. Kwa kawaida wimbo ukipata "Mkanada" au "Kanada" kwenye maswali mawili, umefaulu. Herufi za kwanza za maswali hayo kwa Kiingereza zinasomeka karibu na jina la ule mti ambao jani lake liko kwenye bendera yao. Walijua wanachofanya.

Na kama mwongozo wowote wa kusahihishia, ukaja kumwangusha mwanafunzi bora darasani. Mwaka 1991 Bryan Adams alitoa albamu iliyouza dunia nzima. Wimbo wake mmoja kutoka humo ulikaa namba moja Uingereza wiki 16 mfululizo. Kwenye redio za kwao haukuhesabika kuwa wa Kanada. Kisa? Alitunga pamoja na Mutt Lange, prodyuza aliyezaliwa Zambia, na kurekodi walirekodi nje. Adams akachukia hadharani, akasema mfumo mzima unalea watu wa kiwango cha kati. Hoja hiyo mtaisikia hata hapa siku mkigusa redio: "Mzuri atasikika tu, halazimishwi." Mimi sikubaliani. Adams alikuwa na haki dhidi ya mwongozo wa kusahihisha, hakuwa na haki dhidi ya mtihani. Mwongozo wakaurekebisha mwaka 1993 ili Mkanada anayetunga na mgeni naye ahesabiwe. Kanuni yenyewe haikufutwa, na baadaye kiwango cha muziki wa kawaida kikapandishwa kuwa asilimia 35. Halafu yule asiye Adams, yule wa mji mdogo asiye na prodyuza mkubwa, asingesikika "tu". Miaka ya 1960 ilishatoa jibu la hilo.

Juno zenyewe nazo si malaika. Mwaka 1978 Stompin' Tom Connors, mwimbaji wa kantri aliyekuwa akikanyaga ubao kwa kisigino jukwaani mpaka unachimbika, alirudisha Juno zake zote sita. Alikuwa amechoka kuona tuzo za nyumbani zinaenda kwa waliohamia Marekani. Wengine walimwona mkorofi. Mimi namwona kama mtu aliyesoma tangazo la kazi na kuuliza mbona mnaajiri nje ya masharti mliyoandika wenyewe.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha rapu. Kipengele cha rapu kiliingizwa Juno mwaka 1991, na Maestro Fresh-Wes akawa wa kwanza kukishinda. Hongera nyingi. Ila mwaka baada ya mwaka tuzo ile ilikuwa inatolewa nje ya matangazo ya televisheni. Yaani unashinda, unapanda jukwaani, unapigiwa makofi na watu waliomo ukumbini, na mama yako nyumbani haoni kitu. Mwaka 1998 sherehe ikafanyika Vancouver, na kundi la Rascalz, watoto wa Vancouver hapo hapo, wakashinda. Wakaikataa. Walisema wazi kwamba muziki wa weusi unawekwa pembeni. Mwaka uliofuata, Hamilton, rapu ikaingizwa kwenye matangazo, Rascalz wakapiga "Northern Touch" mbele ya nchi nzima, na wakapokea tuzo ya wimbo huo mbele ya kamera.

Kwa nini nasema kinanigusa? Kwa sababu kombe walikuwa nalo. Wangeweza kulipeleka nyumbani wakaliweka kabatini na picha wakapiga. Walichokosa ni kusikika na kuonekana, na wakaona bila hicho kombe ni mti tu na chuma. Tuzo iliyozaliwa kwa ajili ya watu wasiopigwa redioni ilikuwa imegeuka inawafanyia wengine vile vile. Bahati nzuri ilirekebika, ingawa haikuisha hapo. Mwaka 2011 Drake aliendesha sherehe ya Juno mjini kwao Toronto huku akiwa anawania tuzo sita. Aliondoka bila hata moja. Kuna wanaosema ni bahati mbaya ya kura, sawa, lakini miaka ya baadaye jamaa hakuonekana kuwa na haraka ya kurudi.

Kwa upande mwingine kuna K'naan, ambaye nyie wenyewe mnamjua hata kama jina limewatoka. Yule Msomali aliyeimba wimbo wa bendera ambao Coca-Cola waliutumia Kombe la Dunia la 2010 Afrika Kusini, wimbo uliochezwa kila kona ya Afrika Mashariki mpaka watoto wa chekechea wakaujua. Kazaliwa Mogadishu, kaikimbia vita, kakulia Toronto. Juno ya rapu alishaipata mwaka 2006, kabla ya sisi huku kumsikia. Mwaka 2010 akapata ya msanii bora na ya mtunzi bora. Nchi aliyoingia akiwa mkimbizi ilimhesabu kuwa wake, ikampa rekodi na jukwaa, dunia ikamkuta yuko tayari.

Wazungumzaji wa Kifaransa huko Québec wana tuzo zao nyingine, Félix, tangu 1979, na redio zao zina sharti la asilimia 65 ya nyimbo za Kifaransa. Hilo linastahili makala yake, hasa kwa sisi wa Kiswahili, nisilichokoze leo.

Utaniambia: redio nani anasikiliza siku hizi? Watu wako kwenye simu. Ni kweli, na Kanada wamekutana na tatizo hilo hilo. Mwaka 2023 walipitisha sheria ya kuzileta huduma za muziki za mtandaoni chini ya CRTC, na mwaka 2024 CRTC ikaagiza zile kubwa zichangie asilimia 5 ya mapato yao ya Kanada kusaidia kazi za nyumbani. Kampuni zikaenda mahakamani. Redio zao zilishazoea kuchangia. Toka 1982 kuna mfuko uitwao FACTOR unaosaidia wasanii kurekodi, na sehemu ya fedha zake inatoka kwa wenye redio.

Na kuna jambo ambalo watu wa kitivo changu wangelipenda. Taasisi inayoandaa Juno ina shirika lake la hisani, MusiCounts, lililoanza 1997, kazi yake kupeleka vyombo vya muziki mashuleni. Linatoa pia tuzo ya mwalimu wa muziki wa mwaka. Mwalimu, jamani! Shule niliyofanyia mazoezi ya kufundisha mwaka jana ilikuwa na wanafunzi wenye sauti za kukutoa machozi na chombo kimoja tu cha muziki, ngoma ya mchakamchaka iliyochanika upande mmoja. Watoto walikuwa wameigeuza wanapiga ule upande mzima.

Basi, kwa Waziri wetu wa Michezo na Burudani na kamati yake. Sikatai zulia. Naomba kwanza redio ya chuo itenge saa moja kila jioni kwa nyimbo zilizorekodiwa na wanafunzi wa hapa, kuanzia muhula huu, kabla hata ya kutangaza vipengele. Kwa sasa unaweza kuisikiliza kutwa nzima usisikie hata mmoja wetu, na tunao, kuna jamaa wa mwaka wa pili Sayansi ana ngoma tatu kali zinazozunguka kwa bluetuth tu. Pili, mwongozo wa nani ni "msanii wa chuo" uandikwe na ubandikwe mapema. Aliyemaliza mwaka jana yumo? Kundi lenye mwanafunzi mmoja na wanne wa mtaani limo? Mkisubiri hadi usiku wa tuzo, mtapata Stompin' Tom wenu. Tatu, kipengele chochote kitakachoanzishwa kitolewe jukwaa kuu, kwaya na singeli zikiwemo, si saa kumi na moja jioni watu wakiwa bado wanapanga viti. Na kwenye bajeti, fungu la zulia na mapambo lipunguzwe litoshe kununua gitaa mbili na kinanda kimoja vikae ukumbi wa wanafunzi, viazimwe kwa kitambulisho kama tunavyoazima mipira.

Kamati inapokea maoni ya maandishi hadi Ijumaa, ofisi ya serikali ya wanafunzi, mlango wa pili ukitoka kafeteria. Nimeshapeleka ya kwangu, na nimeacha nafasi chini kwa saini za wengine.