KUJIPA SABABU SI KUPATA HAKI



Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Methali hii twaijua sote, na kila mara twaitumia juu ya mtu mwingine. Leo twaomba kila mmoja aitumie juu yake mwenyewe, kwa maana liko jambo linalotupunguzia nguvu hapa Nkubu kuliko hila za waajiri, nalo ni ustadi wetu wa kujipa sababu.

Tazameni kazi ya kupiga dawa kahawa. Ugonjwa wa matunda ya kahawa ulionekana Kenya mara ya kwanza mwaka 1922, na hata leo miti ya aina za zamani haina budi kupigwa dawa. Mpiga dawa ajua kwamba anachobeba mgongoni ni sumu. Hata hivyo aingia shambani bila barakoa, bila glavu, na upepo wamrudishia dawa usoni. Mwulizeni kwa nini. Wa kwanza atasema, "Mimi nimezoea." Wa pili, "Baba alipiga dawa miaka mingi wala hakufa." Wa tatu, "Nikifika nyumbani nanywa maziwa, sumu inatoka." Maziwa ni chakula chema, lakini hayafui mapafu. Na katika hao watatu hakuna aliyesema neno la kweli, yaani: "Sikupewa barakoa, nami naogopa kuiomba."

Watu hawa si wajinga, wala si waongo. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Leon Festinger, alieleza habari hii katika kitabu alichotoa mwaka 1957. Alisema kwamba mtu akiamini jambo hili na kutenda lile, moyo wake haupati raha, kama mtu aliyevaa viatu visivyolingana. Ili apate raha, hana budi kubadili kimoja: ama tendo, ama mawazo. Na kwa kuwa kubadili tendo ni kazi ngumu, mara nyingi hubadili mawazo.

Mwaka 1959 yeye na mwenzake Carlsmith walitoa habari za jaribio lao. Waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu cha Stanford kazi ya kuchosha kwa muda wa saa moja: kupanga vigurudumu vya uzi katika sinia na kuvitoa, kisha kuzungusha vigingi kidogo kidogo. Baadaye baadhi yao waliombwa kumwambia mwenzao aliyekuwa akingoja kwamba kazi hiyo ni ya kupendeza. Wengine walilipwa dola 20 kwa uongo huo, wengine dola 1 tu. Halafu wote wakaulizwa waliionaje kazi ile. Waliopewa dola 20 walisema kweli: haikupendeza. Waliopewa dola 1 ndio walioisifu!

Fikirini vema, ndugu. Mwenye dola 20 alikuwa na sababu mfukoni. Mwenye dola 1 hakuwa na sababu mfukoni, basi ikambidi aitengeneze moyoni. Tena wote walikuwa wamekubali kwa hiari yao. Mtu aliyeshurutishwa hana haja ya kujitetea, kwa kuwa ajua ameshurutishwa. Ndiyo maana mwajiri hupenda kusema, "Hakuna aliyekulazimisha kazi hii." Neno hilo likituingia, sisi wenyewe twamalizia kazi yake: twaanza kusifu ujira ule ule uliotufanya tulalamike jana.

Wakubwa nao wana ugonjwa huu. Katika enzi ya ukoloni masetla walikataa Mwafrika asipande kahawa. Walisema ataleta magonjwa ya mimea, atauza kahawa mbaya, atakuwa mwizi wa kahawa ya jirani. Walirudia maneno hayo mpaka wengi wao wakayaamini kweli kweli. Jambo walilolinda ni vibarua wa mashamba yao na bei ya mazao yao. Wilaya za Meru, Embu na Kisii zilipopewa ruhusa ya kujaribu katika miaka ya 1930, wakulima wetu walionyesha kwamba sababu zile zilikuwa vumbi tu.

Lakini tusicheke masetla peke yao. Yuko mwenzetu asiyejiunga na chama. Nyongeza ya mshahara iliyopatikana kwa mapatano ya chama yeye huipokea kwa mikono miwili, kisha asema, "Chama hakina faida, wangeongeza tu." Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 ilimwona mtu huyu, ikaruhusu, kwa amri ya Waziri, akatwe ada kwa kufaidika na mapatano ya wengine. Na yuko pia kiongozi wa chama asiyeita mikutano, akisema, "Wanachama hawaji." Watakuja vipi pasipoitwa mkutano?

Basi tufanye nini? Kwanza, kila mtu apime sababu yake kwa swali moja: "Kama barakoa ingekuwa inaning'inia hapa ukutani, bure, ningesema bado kwamba nimezoea?" Ikiwa jibu ni hapana, basi hiyo si sababu bali ni pazia la woga. Pili, tujue kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri kutoa vifaa vya kujikinga, wala si kwa kukata mshahara. Nayo yamtaka mfanya kazi avivae. Anayeogopa kuomba peke yake alete jambo mkutanoni, liombwe kwa jina la wote. Tatu, tusimcheke mwenzetu aliyejidanganya. Mtu akiaibishwa mbele za watu huongeza sababu nyingine juu ya zile za kwanza. Akiulizwa kwa upole, na mtu anayevaa glavu yeye mwenyewe, huenda akasema kweli.

Moyo ulio peke yake hutafuta raha. Watu walio pamoja waweza kutafuta haki.

UMOJA NI NGUVU.