Moshi si Mila

Inapotajwa habari ya utamaduni wa taifa, mawazo yetu hukimbilia ngoma, mavazi, methali, hadithi na vinyago. Ni wachache wakumbukao jiko. Hata hivyo lugha yetu yenyewe imelikumbuka zamani. Mwanamume aoapo, twasema amepata jiko. Na tutakapo kuhimizana juu ya umoja, twaambiana kwamba figa moja haliinjiki chungu. Watu walioufanya moto wa jikoni kuwa mfano wa ndoa na wa ushirikiano hawawezi kudai kwamba habari za kuni, mkaa na samadi ni za wahandisi peke yao. Namna taifa linavyopika, na ni nani ndani ya taifa hilo avutaye moshi ili wengine wale, ni swali la utamaduni kabla halijawa swali la ufundi.

Juu ya swali hili wapo watu wa namna mbili ambao sina budi kubishana nao. Wa kwanza ni wale wasemao kwamba moshi ni sehemu ya mila zetu: ati chakula kilichopikwa kwa kuni ndicho chenye ladha, ati bibi zetu walipika hivyo na hawakulalamika. Wa pili ni wale waonao haya kuitaja kuni au samadi mbele ya wageni. Kwao maendeleo ni mtungi wa gesi na waya wa umeme, na mengine yote ni ushenzi wa kungojea ufe wenyewe. Wawili hawa hudhani kwamba wamepingana. Kwa hakika wamekubaliana katika jambo moja kubwa: wote wameuacha moto wa mwanakijiji vile vile ulivyokuwa.

Nianze na wale wa mila. Je, ni kweli kwamba wazee wetu waliupokea moto kama ulivyo, wakauacha hivyo hivyo? La hasha. Mwaka 1978 watafiti wawili kutoka Marekani, Peter Schmidt na Donald Avery, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya uyeyushaji wa chuma miongoni mwa Wahaya wa mkoa wa Kagera. Wazee waliokuwa bado wanaikumbuka kazi hiyo walijenga tanuri mbele yao na kulitia moto. Shimo la tanuri lilijazwa majani ya kinamasi yaliyochomwa. Ndani yakatiwa madini na mkaa. Mabomba ya udongo yaliyounganishwa na mivukuto yakaingizwa mpaka ndani ya tanuri, hata hewa, kwa maelezo ya watafiti hao, ikapata joto kabla haijaufikia moto wenyewe. Mabaki ya matanuri ya kale yaliyofukuliwa katika sehemu hizo yameonyesha kwamba ufundi huo una umri wa miaka 1,500 hata 2,000.

Majani ya kinamasi na mkaa ni nini, kama si nishati ile itokanayo na mimea na samadi ambayo wataalamu wa leo huiita tungamotaka? Sisemi kwamba wazee wale hawakukata miti. Walikata, tena mingi. Lakini hawakuridhika na moto hafifu. Waliuchunguza, wakaujengea nyumba, wakaupimia hewa. Hiyo ndiyo mila. Anayekaa mbele ya mafiga matatu huku machozi yakimtoka, akaambiwa kwamba hayo ndiyo urithi wake, amedhulumiwa mara mbili: amenyimwa hewa safi, na amenyimwa sifa ya babu zake.

Sasa tuutazame moto wetu wa leo. Katika mafiga matatu yaliyo wazi, sehemu 1 tu au zaidi kidogo katika kila sehemu 10 za joto la kuni ndiyo iingiayo chunguni. Sehemu nyingine zote huota upepo. Kuni zikiwa mbichi hali huzidi kuwa mbaya, maana joto hutumika kwanza kuyakausha maji yaliyomo. Mkaa nao una hasara yake iliyofichika porini. Katika tanuri la udongo la kawaida, kilo 100 za kuni kavu hutoa kilo 10 hadi 20 tu za mkaa. Tanuri lililojengwa kwa uangalifu, lenye bomba la kutolea moshi na hewa iliyodhibitiwa, laweza kutoa kilo 25 na zaidi. Maana yake ni kwamba mchoma mkaa asiyefundishwa hukata karibu miti miwili mahali ambapo mmoja ungetosha. Tena hafanyi hivyo kwa uovu. Hafanyi kwa kupenda jangwa. Hakuna aliyemwendea na kumfundisha, ingawa mjini wapo wengi wanaomlaani huku wakiununua mkaa wake.

Na ni nani alipaye gharama? Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani, wakiwamo watoto wadogo wengi ambao kosa lao lilikuwa kubebwa mgongoni mwa mama apikaye. Mwanamume huingia jikoni chakula kikiwa tayari, au haingii kabisa. Kama moshi ungekuwa unatanda barazani kwa wanaume, nathubutu kusema kwamba majiko yenye bomba yangekwisha kuenea katika kila kijiji zamani sana.

Hapa sina budi kuungama. Miaka mingi iliyopita nilikuwa mwalimu wa zamu katika shule moja ya kijijini. Kila Jumatatu ilimpasa kila mwanafunzi kuja na kuni za jikoni, na kazi yangu ilikuwa kuzihesabu mlangoni. Asubuhi moja alifika msichana wa kidato cha pili mikono mitupu. Alieleza kwamba msitu wa karibu umekwisha, na kwamba kule kuliko na kuni asingeweza kwenda na kurudi kabla ya kengele. Nilimrudisha akazitafute. Kisha nikaingia darasani nikafundisha jiografia. Na mada ya siku hiyo ilikuwa mmomonyoko wa udongo usababishwao na ukataji wa miti. Nililifundisha vizuri somo lile. Yeye hakuwapo kulisikia.

Walimu wenzangu, shule ngapi zimekuwa zikifundisha hivi: ubaoni twaandika kwamba misitu ni mali, mlangoni twadai mzigo wa kuni? Mwaka 1967 tulipewa siasa ya Elimu ya Kujitegemea, na wengi wetu tukadhani kwamba kumtuma mtoto porini ndiko kuitimiza. Hiyo siyo kujitegemea; ni kuwategemea watoto. Kujitegemea kungekuwa kumfundisha mtoto yule kwa nini jiko la shule linakula kuni nyingi hivyo, kisha kumpa udongo, mwiko na kipimo alijenge upya.

Ufundi wenyewe si siri, wala hauhitaji kuagizwa kutoka mbali. Kwanza kuna jiko banifu la kuni, lililozungushiwa udongo au matofali ili moto usitawanyike, lenye mlango mdogo wa kuni na bomba la kuutoa moshi nje. Kuna jiko la mkaa lenye udongo uliochomwa ndani ya bati. Wazo lake lilitokana na jiko la Thailand. Mafundi wa bati na wafinyanzi wa Kenya wakalitengeneza upya mwanzoni mwa miaka ya 1980 mpaka likafaa sufuria zetu na masoko yetu, na hapa kwetu likajulikana kwa jina la jiko bora. Laweza kupunguza mkaa kwa robo hata nusu. Yatazame mafunzo yaliyomo: Mwalimu Nyerere, alipounda wizara ya utamaduni wa taifa mwaka 1962, alieleza kwamba kujifunza kwa wengine si kuacha kilicho chetu. Jiko hili ni ushahidi wake.

Pili, kuna gesi ya samadi, yaani biogesi. Samadi ikichanganywa na maji na kutiwa katika shimo lililojengwa kama kuba, lisiloingiza hewa, vijidudu huiozesha na kutoa gesi iwakayo bila moshi. Mfugaji mwenye ng'ombe wawili wa ndani hupata bila shida kilo 20 za samadi kwa siku. Zikichanganywa na maji kiasi hicho hicho, humpa moto wa jiko moja kwa muda wa saa 2 hivi. Na tope litokalo upande wa pili halijapoteza kitu: ni mbolea nzuri kwa migomba na mboga.

Tatu, kuna takataka za kazi zetu wenyewe. Katika jani la mkonge, nyuzi ni sehemu 4 hivi tu katika 100, zilizobaki hutupwa. Katika shamba la Hale, mkoani Tanga, ulijengwa mtambo wa kuyaozesha mabaki hayo na kuzalisha umeme. Viwanda vya sukari huchoma makapi ya miwa kuendesha mitambo yake. Kama kiwanda kikubwa chajua kutotupa, kwa nini fundi mdogo asijue? Pumba za mpunga zachoma matofali. Vumbi la mkaa, vifuu na maranda vyaweza kushindiliwa vikawa mkaa wa kumtosha mama lishe na mwoka mikate. Na mabani ya kukaushia tumbaku, yaliyomeza misitu mingi ya Tabora, yaweza kujengwa yakatumia kuni chache zaidi. Kila kimojawapo cha hivi ni kazi ya mikono: ya mfinyanzi, ya mhunzi, ya mwashi. Fedha ya mwanakijiji hubaki kijijini.

Labda mtu ataniambia: hayo yalijaribiwa, yakashindwa. Ni kweli kwamba mengi yalishindwa, nasi yatupasa kusema sababu. Katikati ya miaka ya 1970, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo Vidogo, SIDO, lilianza kujenga mitambo ya gesi ya samadi yenye pipa la chuma lielealo juu. Chuma kilikuwa ghali, tena kilishika kutu. Baadaye kituo cha CAMARTEC kule Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1981, kilieneza mtambo wa kuba ya matofali, ambao mwashi wa kawaida aliyefunzwa aweza kuujenga na kuutunza. Basi kilichoshindwa siyo samadi. Kilichoshindwa ni kifaa kilicholetwa pasipo fundi wa kukitengeneza kiharibikapo. Vivyo hivyo majiko mengi yaliachwa kwa kuwa yaligawiwa kama zawadi na watu ambao hawakumwuliza mpishi sufuria yake ina ukubwa gani, wala husonga ugali wa watu wangapi. Kumjengea mtu jiko bila kumwuliza ni kumshonea nguo bila kumpima.

Wala sidai kwamba dawa moja yaponya maradhi yote. Mfugaji anayehama na mifugo yake hawezi kukusanya samadi shimoni; na mahali ambapo ndoo ya maji hutafutwa nusu siku, mtambo wa gesi utakuwa mzigo mwingine juu ya kichwa cha mwanamke yule yule. Huko lifae jiko banifu na shamba la miti ya kuni. Kuchagua kwa akili ndio ufundi wenyewe.

Nimalizie kwa wale wa mtungi. Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa taifa wenye shabaha kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Na kabla ya hapo taasisi zilishazo watu zaidi ya 100 zilikuwa zimeagizwa kuacha kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024. Shabaha hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini agizo halipiki ugali. Gesi ya mitungi huja kwa meli kutoka ng'ambo, na bei yake hupangwa na watu wasiotujua; mtungi ukiisha, mtu hudaiwa fedha nyingi kwa mara moja, ilhali jirani yake hununua mkaa kwa kopo. Mwenye uwezo autumie mtungi, wala asionewe kijicho. Lakini kumwambia mama wa kijijini asubiri mpaka mtungi umfikie ni kumwambia aendelee kuvuta moshi kwa heshima. Samadi i zizini mwake leo. Udongo u mtoni mwake leo.

Basi, walimu na wanafunzi, tuanze pale tulipo. Tupime kuni ziingiazo jikoni mwa shule kwa juma moja, tuziandike ubaoni pamoja na jina la mahali zilikotoka. Tumwite mpishi aje darasani atuambie macho yake yakoje. Tumtafute mfinyanzi wa kijiji na mwashi wake, tuwaulize wanaweza nini, kisha tujenge, tupime tena na tulinganishe. Hilo ni somo la fizikia, la kemia, la hesabu na la uraia kwa pamoja. Na ni somo la utamaduni pia, maana litamfundisha kijana kwamba kilicho chake si moshi bali ni akili iliyoushinda moshi.

Na Jumatatu ijayo, mtoto akija mlangoni mikono mitupu, aingie darasani.